Santuri na kanda za bendi za zamani: jinsi ya kuzitafuta, kuzirekodi na kuzipandisha mtandaoni zikiwa kamili

Nyimbo nyingi zilizorekodiwa Nairobi kati ya miaka ya 1960 na 1980 hazipatikani popote ila kwenye santuri za inchi 7 zilizobaki makabatini mwa watu. Kampuni zilizozitoa zilifungwa au zikauzwa, kanda asilia zikapotea, na bendi zenyewe zikasahaulika. Shabiki anayepandisha wimbo mmoja wa aina hiyo huenda ndiye anayeubakiza duniani. Kwa hiyo kazi ifanywe vizuri mara ya kwanza, kwa sababu santuri hulika kila inapochezwa na kanda kuukuu inaweza kukatika siku yoyote.

Hapa tunaanza na santuri za mizunguko 45 kwa dakika, yaani hizo za inchi 7, maana ndizo nyingi. Kisha tutagusia kaseti na video za VHS. Zaidi ya sauti, tutasisitiza maelezo. Wimbo uliopandishwa bila jina la mtunzi, lebo (chapa ya kampuni iliyotoa santuri) wala namba umeokolewa nusu tu.

Kutafuta

Ugumu wa kwanza ni majina. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga, wakapiga kama Arusha Jazz, na walipoingia Nairobi mwaka 1971 wakawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga wakaunda Les Wanyika, na baadaye mwimbaji Issa Juma akatamba na Super Wanyika. Ukiandika "Wanyika" pekee kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa bendi hizo zote zikiwa zimechanganywa, na waliozipandisha wengi wao hawakuzitofautisha. Les Mangelepa nao walitoka kwenye bendi ya Baba Gaston mwaka 1976, kwa hiyo sauti zilezile utazikuta chini ya majina mawili. D. O. Misiani ana santuri zilizoandikwa Shirati Jazz na nyingine zilizoandikwa D.O. 7. Isitoshe, baadhi ya wanamuziki waliokuwa na mkataba na kampuni moja walirekodi kwingine kwa jina jingine.

Tafuta basi kwa kila namna jina linavyoweza kuandikwa: "Orchestra" na "Orch.", "Brothers" na "Bros", jina la ukoo likitangulia na likifuata. Mbaraka Mwinshehe huandikwa kwa tahajia kadhaa, na nyimbo zake ziko chini ya Morogoro Jazz na pia Super Volcano. Jaribu pia mstari wa kwanza wa kiitikio, kwa sababu wapandishaji wengi huupa wimbo jina la neno wanalolikumbuka, wala si lile lililochapishwa kwenye lebo.

Kwa santuri zenyewe, Nairobi ina vibanda vya Kenyatta Market vinavyouza za zamani, kisha maduka ya River Road na barabara za jirani, na wauzaji wa mitumba wa Gikomba ambao hukutana nazo ndani ya shehena za vyombo vya nyumbani. Hata hivyo hazina kubwa imo majumbani mwa wazee. Usianze kwa kuuliza bei. Msalimie, ukae, umwulize alikuwa anakwenda kucheza wapi na bendi gani zilikuwa zikipiga hapo. Kisha sema wazi: "Mzee wangu, naomba uniazime hizi kwa siku chache nizirekodi, nitakurudishia pamoja na nyimbo zote kwenye flashi." Wengi hukubali, kwa sababu pleya yao iliharibika zamani na wamekaa miaka bila kuzisikia. Zirudishe siku uliyoahidi. Na aliyokuambia, yaandike siku hiyohiyo, maana mzee aliyecheza ukumbini ana habari ambazo hazikuandikwa popote.

Kabla ya kununua, inamisha santuri kwenye mwanga ili miale iipige kwa upande. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha utasikika. Usiouhisi kwa ukucha mara nyingi hausikiki. Kinachotisha zaidi ni mifereji iliyopauka ikawa ya kijivu badala ya kung'aa: hiyo imelika kwa sindano nzito au butu, na hakuna sabuni itakayoirudisha. Santuri chafu iliyojaa vumbi na alama za vidole haina neno, inunue.

Kuiosha

Tumia maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri ya gari yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa vizuri, kwa sababu kando yake huuzwa asidi ya betri. Maji ya kisima yana chumvi inayokaukia ndani ya mifereji na kuongeza kelele. Katika lita 1 ya maji hayo tia matone 2 au 3 ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, basi. Sabuni ikizidi huacha utando.

Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki kilichobanwa vizuri, maana karatasi yake ikilowa wino huvuja na namba unayoihitaji inapotea. Lowesha, piga brashi laini ukifuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati. Suuza kwa maji safi ya aina ileile bila sabuni, kisha simamisha santuri kwenye kichanja cha sahani kivulini mpaka ikauke kabisa. Juani itapinda.

Spiriti ya isopropili inaweza kuongezwa kwa santuri za plastiki zenye grisi, isizidi robo ya mchanganyiko. Kwa zile za kale za mizunguko 78, nzito na zinazovunjika kama kigae, usiiguse hata tone. Zimetengenezwa kwa sheleki, na spiriti huiyeyusha. Hizo pia zinahitaji sindano yake yenye ncha nene, kwa sababu mfereji wake ni mpana. Sindano ya 45 huburuta chini ya mfereji na kuleta mvumo mtupu.

Kuirekodi

Pleya inayofaa ni ile yenye uzani unaorekebishika nyuma ya mkono unaobeba sindano. Zile za sanduku zinazouzwa kwa bei nafuu mara nyingi hukandamiza sindano kwa gramu 5 au zaidi, wakati katriji nyingi za sumaku (kile kichwa kinachoshika sindano) zinataka gramu 1.5 hadi 2.5. Fuata kiwango cha mtengenezaji na ukae upande wa juu wa kiwango hicho, kwa sababu uzani mdogo mno huifanya sindano iruke ndani ya mfereji, na hiyo huharibu zaidi kuliko uzani kamili. Ikiwa tundu la katikati ni kubwa, weka adapta.

Kati ya pleya na kompyuta lazima pawe na priampu ya santuri. Kazi yake si kukuza sauti tu. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, na priampu ndiyo inayorudisha mizani. Rekodi iliyoruka hatua hii hujulikana mara moja: ngoma hazipo, matoazi yanachoma masikio. Kinyume chake ni rekodi inayonguruma na kupasuka, ambapo priampu zimepitiwa mara mbili, moja ndani ya pleya na nyingine kwenye amplifaya. Pleya nyingi za sasa zina swichi nyuma, hakikisha imeelekea upande unaotakiwa.

Mngurumo wa chini usioisha ni umeme wa hezi 50. Kaza waya wa ethi kati ya pleya na priampu. Ukiendelea, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Kwenye nyumba zisizo na ethi nzuri ukutani, hilo peke yake mara nyingi humaliza tatizo.

Kwenye Audacity au programu nyingine, chagua kilohezi 96 na biti 24, stereo, na uhifadhi kama WAV au FLAC, aina za faili zisizopunguza sauti. Kila dakika ya WAV ya namna hiyo hula takriban megabaiti 35, kwa hiyo santuri yenye dakika 4 kila upande itachukua kama megabaiti 280. Pima kiwango kwenye sehemu yenye kelele kuliko zote, mara nyingi pale chemko (sehemu ya dansi ya wimbo) linapokolea upande wa pili, na kilele kisipite desibeli -6. Kiwango hicho kisibadilishwe kati ya upande na upande. Anza kurekodi kabla sindano haijagusa santuri na uache mpaka ifike kwenye duara la mwisho.

Rekodi stereo hata kama wimbo ni wa mono. Kila ukuta wa mfereji huchakaa kivyake, na baadaye unaweza kukuta kushoto kumelika na kulia kuko safi, ukatumia kulia peke yake. Kuta zote mbili zikiwa sawa, zichanganye kuwa mono na sehemu kubwa ya mvumo wa chini itapotea.

Katika mizunguko 45 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 1.33. Ukikariri namba hiyo utajua chanzo cha kasoro bila kubahatisha. Mlio wa "tik" unaorudi kila sekunde 1.33 ni mkwaruzo mmoja uliokatiza mifereji. Sauti inayopanda na kushuka kwa muda huohuo, hasa kwenye gitaa la solo na saksafoni, ni tundu lisilokaa katikati au santuri iliyopinda. Tundu likiwa na nafasi, sogeza santuri kidogo kidogo huku ukitazama mkono wa pleya: ukiacha kuyumba kushoto na kulia, imekaa sawa. Sauti ikiyumba bila mpangilio wa muda, shuku belti ya pleya.

Upande wa kwanza na wa pili

Hapa ndipo uhondo ulipo, na ndipo nyimbo nyingi za mtandaoni zimeharibiwa. Santuri ndogo haikutosha wimbo wa dakika 7 au 8, kwa hiyo studio iliukata: upande wa kwanza una mashairi na kiitikio, wa pili una magitaa yakijibizana na miguu ya wachezaji. Anayepandisha upande wa kwanza peke yake ametoa utangulizi na kuacha dansi. Anayepandisha wa pili peke yake amempa msikilizaji sherehe isiyo na habari.

Soma lebo kwanza. Ikiwa imeandikwa "Part 1" na "Part 2", au "Sehemu ya Pili", ni wimbo mmoja. Majina yakiwa mawili tofauti ni nyimbo mbili, hata kama ufunguo wa muziki na mwendo vinafanana.

Tunza kila upande kama faili lake, ulivyotoka kwenye sindano, na usiyafute kamwe. Kisha tengeneza nakala ya tatu iliyounganishwa. Mwisho wa upande wa kwanza sauti kawaida hufifia. Sikiliza kama mwanzo wa upande wa pili unarudia mapigo yaliyofifia au unaanza upya. Mapigo yakirudiwa, tafuta alama inayosikika pande zote mbili, kwa mfano pigo la toazi au neno la mwimbaji. Zilaze faili juu ya nyingine mpaka alama hizo zigongane, halafu vusha taratibu kutoka moja kwenda nyingine ndani ya sekunde 1 au 2. Yasiporudiwa, usilazimishe. Acha kufifia kuishe, weka pumzi fupi, upande wa pili uingie, na useme kwenye maelezo kwamba wimbo ulikatwa hivyo tangu zamani. Kuunganisha kwa nguvu huzaa pigo lililoruka, na mchezaji wa benga, muziki wa magitaa wa Kenya, atalihisi kabla hajajua ni nini.

Upande wa pili pia ndiko yanakotajwa majina. Waimbaji huita mpiga solo, mpiga besi, mji, rafiki. Yaandike yote pamoja na dakika yalipotajwa. Tahadhari moja: katika benga hasa, anayesifiwa mara nyingi ni mfadhili au shabiki aliyetoa fedha, hakupiga chochote. Andika "wanaotajwa", usiandike "wapigaji", mpaka upate ushahidi mwingine.

Kuondoa kelele

Fanya kidogo. Ondoa milio ya "tik" mmoja mmoja kwa mkono pale inapokera, kata mngurumo ulio chini ya hezi 25 au 30, inua kiwango cha jumla, imetosha. Kichujio cha kuondoa mchakacho wote kikikazwa hula matoazi na pumzi ya mwimbaji, na kinachobaki husikika kama kiko ndani ya maji. Programu zinazojidai kuboresha sauti kwa akili bandia huongeza vitu ambavyo bendi haikupiga. Msikilizaji anavumilia mchakacho wa santuri, hawezi kurudishiwa gitaa lililofutwa. Na tafadhali, jina la didijei lisisikike juu ya wimbo. Nyimbo adimu nyingi tulizo nazo leo zimekatizwa katikati ya solo na sauti ya mtu akijitangaza, na nakala safi haipo tena.

Kaseti

Usitie kanda kwenye deki kabla ya kuitazama. Chungulia kama kile kisifongo kidogo nyuma ya utepe kipo, kwa sababu gundi yake hukauka kikadondoka, na bila hicho sauti hufifia. Ikiwa kimetoka, hamisha utepe kwenye ganda jingine lenye skrubu. Peleka utepe mbele mpaka mwisho na uurudishe mara moja ili ulegee, ndipo ucheze. Safisha hedi (kichwa cha deki kinachosoma utepe) na gurudumu la mpira kwa pamba. Spiriti ni ya hedi, mpira ufutie maji yenye sabuni kidogo.

Jambo linalopuuzwa na wengi ni pembe ya hedi. Deki iliyorekodi kanda na deki yako hazikukaa pembe moja, na tofauti ndogo tu huua sauti nyembamba. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo. Sikiliza kwa mono, igeuze kidogo kidogo mpaka matoazi yawe makali kuliko kote, na urudie kwa kila kanda. Vipleya vidogo vya USB vinavyouzwa mjini havifai kazi hii: mota zake huyumba na mwendo wake mara nyingi si sahihi. Afadhali deki kuukuu iliyobadilishwa belti na fundi.

Kanda nyingi za mitaani ni nakala za nakala, na kila nakala ilibadili mwendo kidogo. Ukiwa na santuri ya wimbo huohuo, linganisha ufunguo nayo. Usipokuwa nayo, usibadilishe mwendo kwa kudhani nyuzi za magitaa zilikazwa kwa kipimo cha studio za leo.

Video

Maonyesho ya bendi kwenye Voice of Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuka kuwa KBC, yamebaki kwa sehemu kwenye VHS za watu walionasa nyumbani. Kenya ilitumia PAL, kwa hiyo deki na kifaa cha kunasia viwe vya PAL, mistari 576 na picha 25 kwa sekunde. Ukipata picha nyeusi na nyeupe au inayokimbia, mpangilio uko kwenye mfumo wa Marekani. Kanda yenye unga mweupe kwenye kingo, jambo la kawaida kwa zile zilizokaa Mombasa, ina kuvu. Usiitie kwenye deki yoyote, maana itachafua hedi na kuambukiza kanda nyingine. Mpe fundi mwenye deki ya kusafishia.

Maelezo yanayopaswa kuandamana na wimbo

Piga picha lebo zote mbili kwa mwanga wa dirishani, kutoka juu kabisa, bila flashi. Halafu tazama sehemu laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo: kuna namba zilizochongwa. Hizo ndizo zitakazokuambia ukweli lebo ikiwa imechanika, au ikiwa kiwanda kilibandika lebo ya upande wa pili kwenye wa kwanza, kosa ambalo lilitokea.

Kwenye maelezo andika jina la bendi na la wimbo kama yalivyochapishwa hata kama tahajia ni mbaya, kisha tahajia ya kawaida. Fuatisha mtunzi, lebo, namba ya lebo, namba zilizochongwa, lugha, na vifaa ulivyotumia. Mtunzi na mpigaji ni watu wawili: "Shauri Yako" inajulikana kwa bendi ya Super Mazembe, lakini ni utunzi wa Nguashi Ntimbo. Bendi kurekodi Nairobi hakuifanyi kuwa ya Kenya pia, kwani bendi za Tanzania zilikuja kurekodi huku. Mwaka haukuchapishwa kwenye santuri nyingi. Linganisha namba na santuri nyingine za lebo hiyo ambazo mwaka wake unajulikana, na ukikosa andika "miaka ya 1970", kwa sababu mwaka wa kubuni ukishanakiliwa na kurasa kumi haufutiki tena.

Haki za wenyewe

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Iliyorekodiwa 1974 ilimaliza ulinzi huo mwishoni mwa 2024. Utunzi wenyewe ni habari nyingine: hulindwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, kwa hiyo tungo zake zinalindwa Kenya hadi mwisho wa 2029, na nchi nyingine zina muda mrefu zaidi. Mwanamuziki au familia ikipatikana, omba ruhusa na uwape nakala kabla ya watu wengine. Usiwashe matangazo ya kuingiza pesa kwa kazi ya mwenzio.

YouTube ikikutumia dai la hakimiliki la kiotomatiki, mara nyingi maana yake ni kwamba mapato yataenda kwa mwenye haki na video ibaki. Onyo la kuondoa video ni zito zaidi: matatu ndani ya siku 90 hufunga akaunti. Mwenye haki akitaka iondolewe, iondoe.

Kupandisha na kutunza

YouTube hubana sauti upya, kwa hiyo tengeneza video ukitumia WAV au FLAC, usianze na MP3 ikabanwa mara mbili. Picha ya lebo yatosha kuwa picha ya video. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, hutunza FLAC ileile uliyoipandisha, na inafaa kwa nakala kamili pamoja na picha zote. Kwenye makundi ya WhatsApp tuma faili kama dokyumenti. Video ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na wimbo uliorekodiwa tena kwa sauti ya simu umeshaharibika.

Weka nakala tatu: kompyutani, kwenye diski ya nje, na moja nje ya nyumba yako. Faili ipewe jina linalojieleza, yaani bendi, wimbo, lebo, namba, upande. Santuri zisimame wima, zisilazwe, mbali na dirisha la jua la mchana. Kaseti ziwe mbali na spika, kwa sababu sumaku yake hufuta. Na msomaji akikuandikia kwamba mpiga besi alikuwa mjomba wake, muulize jina kamili na miaka aliyopiga, urekebishe maelezo siku hiyohiyo, na uandike kwamba habari imetoka kwa familia.